Siku Sechelela Alipomeza Udongo

Hapana, tumbo haliumi. Na minyoo sina. Mnanikodolea macho kama ng'ombe anayeshangaa gari, najua swali liko njiani, basi nalijibu kabla halijafika: udongo hauliwi, unaonjwa. Unachota kidogo kwa ncha ya kidole, unaweka ulimini, unangoja mate yajae, halafu unatema. Ukishatema ndo ladha inakuja. Ukimeza hujajua kitu, umekula uchafu tu.

Nimefanya kazi ya chumvi huku mbuga ya Bahi tangu kifua changu kiko bapa, kikaota, kikanyonyesha wanane, mpaka sasa kimerudi bapa tena. Darasa sikukanyaga. Shule yangu ilikuwa Bibi Tabu, kabibi kafupi, sauti inatokea puani kama mbuzi mwenye mafua. "Weee Matika! Umeonja huku? Umeonja kule? Au umeonja hapo penye kivuli ukakaa?" Kila siku hivyo. Nilikuwa naonja penye kivuli nakaa. Alijuaje, sijui.

Sikilizeni, maana najua mkitoka hapa mtaniuliza tena kazi yenyewe ikoje. Kiangazi, maji ya mbuga yakishakauka, ardhi inatoa unga mweupe juu, kama mtu kaimwagia poda. Mgeni akiona anasema, aah, chumvi hiyo, kaokote. Thubutu! Kuna weupe mwingine ni magadi, ukionja unachoma halafu unaacha uchungu mpaka jioni. Kuna mwingine ni vumbi tu, limejipamba. Chumvi yenyewe inachoma pembeni mwa ulimi, pande mbili, halafu inaita mate bila ugomvi. Hiyo ndo unakwangua. Na unakwangua alfajiri, upepo ukiwa bado umelala, maana upepo wa Dodoma mnaujua, ukiamka unachukua chumvi yako unampelekea jirani.

Udongo unautia kwenye chujio. Langu lilikuwa chungu kikuukuu, nimekitoboa kitako, nimekilazia nyasi ndani, chini nimeweka ndoo. Unamwaga maji kidogo kidogo. Usikandamize! Watoto wote wanakandamiza. Wanadhani ukisukuma yanashuka haraka. Yanashuka matope. Unaacha yadondoke yenyewe, ti, ti, ti, wewe kaa, simulia umbea, suka nywele. Maji yale ndo unachemsha kwenye sufuria pana nusu siku nzima, mpaka yafanye ngozi juu, hapo sasa mwiko usipumzike.

Kosa langu la kwanza nilifanya nikiwa msichana wa umri wenu. Niliiba ugoro wa baba nikabandika chini ya mdomo, nione watu wazima wanapata raha gani. Kesho yake ulimi umekufa ganzi kama kisigino. Nikaonja, nikaona sawa, nikakwangua siku nzima. Kumbe magadi matupu. Tukachemsha, tukauza, na aliyenunua alikuwa mwenye harusi. Wajukuu zangu! Nyama ya mbuzi ilitoa povu. Bwana harusi anatafuna, povu linamtoka pembeni, mzee mmoja akasema kwa sauti yake nzito, "Huyu kijana ana kifafa, mahari irudi." Bibi Tabu alinitembeza nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Nyumba kwa nyumba! Mpaka kwa watu ambao hata harusini hawakuwepo, nao wakakaa vizuri kitini kupokea radhi.

Baada ya hapo akaweka sheria, nami nimeishika mpaka naacha kazi: hakuna anayekwangua mpaka watu wawili wameonja. Kwanza kwa sababu ulimi ukionja tangu alfajiri, jua likipanda umechoka, hautofautishi kitu. Pili kwa sababu ya wezi wa ugoro. Kwa hiyo kazi yetu mtu hafanyi peke yake. Unakuwa na mwenzio wa kuonja. Wewe unasema ndiyo, yeye anasema hapana, mnabishana hapo mpaka mmoja anachota tena. Ndo maana chumvi imejaa marafiki wa kufa na kuzikana, na ndo maana imejaa watu wasiosalimiana.

Halafu alikuja bwana afya. Kijana nadhifu, viatu vimechongoka mbele kama mdomo wa korongo. "Bibi, shikamoo. Bibi, chumvi hii haina madini joto. Bibi, kitaalamu watu wapate chumvi ya pakiti." Nikamwambia mwanangu, mimi nimeila miaka yote hii. Akanitazama shingo, eti anatafuta uvimbe. Hakuuona, lakini nilipokwenda nyumbani nikajishika mwenyewe usiku kucha. Basi nikamsikiliza. Mama wa watoto wadogo nikawa nawaambia kanunueni ya pakiti dukani, hii yangu nikawauzia wafugaji, ng'ombe wanailamba. Ng'ombe hana makuu. Haulizi pakiti. Kwa hiyo siku za mwisho mteja wangu alikuwa na pembe, na niwaambie ukweli, analamba kwa adabu kuliko wengi wenu mnavyokula.

Sasa hao wasichana.

Mwaka ule mvua ilikuja kama mgeni aliyekosea nyumba. Ikabisha hodi, ikachungulia, ikaenda zake. Uwele ukakauka ukiwa na urefu wa goti. Wafugaji wakauza ng'ombe wakiwa mbavu tupu, na unga ukapanda mpaka mwenye duka mwenyewe anautajia bei huku anaangalia chini. Asubuhi moja, ilikuwa likizo ya katikati ya mwaka, naona vitu viwili virefu vinakuja mbugani, vinatembea pole pole, kila kimoja na waya mweupe sikioni. Simu moja, waya mmoja umegawanyika, sikio la kulia la huyu, la kushoto la yule. Wakipishana hatua, waya unachomoka, wanasimama wanachomeka tena.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mmefungwa kamba kama mbuzi wa mnadani, nani amewaleta?"

"Tumekuja kuomba kazi."

"Kazi gani? Ya kupigwa picha?"

Yule wa kulia akacheka. Huyo alikuwa Sechelela, wa jirani yangu Mama Seche. Mtoto wa maneno, huyo akianza kusimulia, maji yanachemka yanakauka hajafika kati. Kidato cha tatu. Wa kushoto hakucheka. Huyo Zuhura, Msandawe wa Chemba, mama yake mdogo ameolewa kijijini kwetu, wakamleta baada ya kwao kukauka zaidi ya kwetu. Wakakutana darasani, dawati moja, basi ikawa ukimwita mmoja wanaitika wawili.

Mnajua mimi naiga sauti za watu wote. Pasta nimemwiga, mwenyekiti nimemwiga, marehemu mume wangu namwiga mpaka paka alikuwa anatoka mvunguni. Zuhura alinishinda. Kwao maneno mengine yanapigwa kwa ulimi, ko! ko! kama kuni mbichi motoni. Nilijaribu wiki nzima. Siku moja nikadhani nimepata, nikamtamkia vizuri. Akainama, mabega yanatikisika.

"Nimesema nini?"

"Bibi, hujasema kitu. Umelia kama kuku anayetaga."

Ndo mara ya kwanza kumsikia anacheka.

Walichokuwa wanataka kilikuwa kidogo tu, na kilikuwa kikubwa. Wazazi tulikubaliana kwenye kikao kila mtoto apeleke shule debe la mahindi, wapikiwe mchana. Mwaka wa neema debe ni nini? Mwaka ule debe lilikuwa mlima. Kwa Mama Seche hakuna, kwa mama mdogo wa Zuhura ndo usiseme. Wakaapiana wenyewe: wapige kazi ya chumvi likizo yote na kila Jumamosi, wapate madebe mawili. "Mawili, bibi," Sechelela akaniambia, "siyo moja. Likipatikana moja tu, hatuendi wote." Nikamwambia huo ni ujinga, likipatikana moja aende mmoja. Zuhura akasema, "Mawili." Basi. Kama kugonga msumari.

Nikawafundisha. Siku ya kwanza walitema mpaka midomo ikapauka. Walibishana vizuri, nilipenda. Seche anasema ndiyo kwa kila kitu, ana roho nyepesi, Zuhura anasema hapana kwa kila kitu. Katikati yao ndo chumvi ilipokuwa. Na shule wameenda kweli, msidhani. Tumekaa tunangoja chujio lidondoke, Sechelela anainua kidole kama mwalimu: "Bibi, haya maji yanaitwa solusheni." Nikamwambia solusheni ni mjukuu wa nani? Tangu hapo ndoo ile jina lake likawa Mama Solusheni. Njoo umwone Mama Solusheni amejaa. Wanaulizana mambo ya mtihani pale pale, moto unawaka, mmoja anakoroga mwenzie anauliza, akikosa anakoroga zamu mbili.

Kulikuwa na mwiko wa zamani, Bibi Tabu aliutilia mkazo sana: msichana akiwa kwenye siku zake hasogelei sufuria ya chumvi, eti chumvi inakataa kuganda. Nikawaambia. Wakatazamana.

"Kwa hiyo bibi," Seche akasema, "mimi siku tano, Zuhura siku tano, na siku zetu hazilingani. Siku kumi kila mwezi mmoja wetu yuko nje, zamu yake motoni nani anaishika?"

"Mimi."

"Na wewe mkono unauma."

Nikafikiri. Nikamwambia basi atakayekuwa nazo akae upande wa chujio tu, mwenzie akae motoni. Wakakubali kwa heshima, lakini nawajua, walikuwa wanacheka chini chini. Mimi nami mwiko wenyewe nilikuwa siuamini tena. Niliuacha uendelee kwa sababu nyingine: kwa njia hiyo nilikuwa najua mambo yao bila kuuliza. Mlinzi mzuri eeh? Bibi anahesabu siku za watoto wa wenzake kwa kuangalia nani yuko motoni.

Hapo ndo nilipojikwaa.

Ikafika nimeona Sechelela yuko motoni mwezi mzima. Nikasema labda nimepitiwa. Ukafuata mwezi mwingine, shule imefunguliwa wanakuja Jumamosi, naye yuko motoni tu, hajakaa upande wa chujio hata mara moja. Halafu Jumamosi moja asubuhi tunaonja. Zuhura akaonja, akatema, akasema hapana. Sechelela akaonja. Nikangoja ateme. Koo likashuka, gulp. Nikajifanya natafuta mwiko wangu. Akachota tena, siyo kwa ncha ya kidole, kwa vidole vitatu. Akameza tena.

Nimezaa wanane mimi. Wakati wa mimba ya tatu nilibomoa ukuta wa jikoni nikaula kipande kipande, mume wangu akawa anaziba kwa samadi, nami naula pembeni ya samadi. Anayemeza udongo namjua. Siku hazipo, udongo anameza, macho yameingia ndani, mchana kajilaza. Nikajiambia Matika, huna haja ya kuuliza, wewe ni mtu mzima.

Naomba mnielewe hapa, maana hapa ndo pa kujifunzia. Miaka yote hiyo nafundisha watu waonje wawili wawili. Siku ile nikaonja peke yangu, nikaamini. Sikumuuliza yeye. Sikumuuliza mwenzie. Nilifunga kanga nikaenda moja kwa moja kwa Mama Seche, na nikaenda na ile midomo yangu ya kuiga. Nikamwigia mwanawe anavyomeza. Nikajishika hapa kooni, "gulp, hivi, mwenzangu, gulp." Nilidhani namwambia kwa upole. Mwenzangu aliweka chini ungo aliokuwa anapepeta, na ungo haukuwa na kitu, alikuwa anapepeta pumba.

"Amesema ni nani?"

"Sijamuuliza."

"Basi hatamaliza shule," akasema. Hakulia. Akachukua simu akampigia wifi yake wa mjini, Shangazi Pendo, yule anayetafutia watu wa ofisini wasichana wa kazi za ndani. Akamwambia njoo Jumatatu umchukue, huku kijijini asionekane.

Jumapili nimekaa nje nachambua mlenda, namwona Zuhura anakuja peke yake. Peke yake, bila waya, bila nusu yake. Hakunisalimia. Mtoto mwenye adabu vile, hakunisalimia.

"Bibi, umesema Seche ana mimba?"

"Nimemwambia mama yake tu."

"Seche ana njaa."

"Nini?"

"Ana njaa. Chakula chake cha mchana anachobeba nakula mimi. Tulianza nusu kwa nusu. Halafu kwa mama mdogo wakawa wanapika siku moja, siku moja hawapiki, akaanza kunipa chote. Anasema ameshiba. Jioni kwao anasema amekula kwako, ili wadogo zake wapate. Kwako anasema amekula nyumbani."

Nikataka kusema mbona sijaona. Ningeona wapi? Mchana wao walikuwa wanaenda kukaa nyuma ya kichuguu, nikadhani wana siri zao za wasichana, nami nakula nimewapa mgongo, maana sina meno, natafuna vibaya, naona haya.

"Na wewe ulikuwa unajua anameza?"

"Nilijua juzi. Na mimi nameza," akasema. "Ila mimi nageuka upande wa pili."

Mlenda wangu ulibaki pale pale, mbuzi wa watu wakaula.

Kesho yake alfajiri nilikuwa mlangoni kwa Mama Seche. Nikamwambia mwenzangu, nimekosea, au pengine nimekosea, nipe mtoto nimpeleke zahanati kabla wifi yako hajafika. Hakutaka. Nikakaa mlangoni. Mtu hawezi kutoka wala kuingia, mbuzi wamejazana nyuma yangu. "Nitakaa hapa mpaka nioteshe mizizi," nikamwambia. Akanipa mtoto.

Tukampitia Zuhura, tukatembea watatu. Sechelela mbele. Maneno yake yote yale yameenda wapi! Nikajaribu kumtania, nikamwiga pasta, nikamwiga bwana afya na viatu vyake. Hakugeuka. Tulipokaribia zahanati akasimama.

"Bibi, mimi mvulana sina. Hata muda wa kuwa naye sina. Asubuhi shule, Jumamosi kwako. Ningempata saa ngapi?"

"Nisamehe, mjukuu wangu."

"Ungeniuliza," akasema. "Nilikuwa mita mbili kutoka kwako."

Nesi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kupanga watu foleni. "Haya huyu ana nini? Haya ingia. Haya bibi wewe baki." Akampima. Tukangoja kwenye benchi, Zuhura ananing'iniza miguu kama mtoto mdogo, mimi natema mate hovyo kwa mazoea mpaka nesi akapiga kelele dirishani, "Nani anatema hapo!" Akatoka.

"Bibi, huyu hana mimba. Damu imepungua. Ndo inayofanya mtu atamani udongo, na tumbo tupu nalo. Na asipokula vizuri, siku zinaweza kusimama zenyewe. Anakula nini huyu?"

Nikamwangalia Zuhura, Zuhura akaniangalia.

"Nakuuliza, bibi. Anakula nini?"

Nikainama nikafunga upya kanga yangu.

Akatupa vidonge vya kuongeza damu, na akampima na Zuhura, kumbe naye afadhali kidogo tu. Tukarudi nusu mbio. Nikawa nafurahi njiani, mjinga mimi, nasema sasa yamekwisha, ukweli umepatikana. Nyie msije mkadhani ukweli ukipatikana mambo yanakwisha. Hapo ndo yanaanza.

Shangazi Pendo alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, mkoba mapajani, marashi yananukia mpaka kuku wamesogea. "Wifi, mimi sikuja kukaa, wifi. Gari la saa nane silikosi. Mama wa watu ananingoja, nyumba ina vigae, wifi, ina friji." Nguo za Sechelela zilikuwa zimefungwa kwenye kanga. Madaftari yamewekwa pembeni, hayakufungwa.

Nikasimama mbele yao nikasema yote. Nimekosea. Mtoto hana mimba. Nesi amesema. Ni njaa, na njaa yenyewe ni kwa sababu ana roho nzuri kuliko sisi wote tuliokaa hapa. Mama Seche akaweka viganja usoni. Nikadhani anashukuru Mungu, na kweli alishukuru. Halafu akatoa viganja.

"Asante, mama. Umeniondolea aibu. Lakini unga haupo. Ulikuwa haupo jana na leo haupo. Huko mjini atakula asubuhi, mchana na jioni. Hapa nimpe nini? Niendelee kumpa udongo?"

"Kwenye friji mna mpaka maziwa," Shangazi Pendo akasema.

Sechelela alikwenda akachukua daftari moja la juu, akalipapasa, akamkabidhi Zuhura. Zuhura akalirudisha juu ya mengine. Seche akampa tena. Zuhura akarudisha tena, akaweka na jiwe juu.

Sechelela hakupanda gari lile, nawaambia mapema msiumie roho. Alibaki, wote wawili wamebaki, mahindi ya shule yalipatikana madebe mawili kama walivyoapa, kwa chumvi waliyokuwa wameshaichemsha, na sufuria langu pana halijarudi mbugani tangu siku hiyo, liko jikoni kwangu linapika uji wa watoto hawa na wadogo zao. Ndo nilivyoacha kazi. Lakini nataka mjue si maneno yangu yaliyomzuia, maana mimi mwenye maneno nilikuwa nimesimama pale kama mti.

Nilisimama kwa sababu nilikuwa na kitu ndani. Sikuwa nimemwambia mtu. Nyumbani kwangu nyuma ya kitanda kulikuwa na kilindo, lile pipa la gome la mti la kuwekea nafaka, na limejaa mtama mpaka mdomoni. Ni mtama wa msiba wangu, wa kulisha watakaokuja kunizika. Mama yangu alikufa mwaka wa njaa, waombolezaji walikaa siku moja wakaondoka na matumbo yao, na wengine walicheka njiani, niliwasikia. Nikaapa wangu hawatacheka. Kila mavuno nabadilisha, natoa wa zamani naweka mpya, siugusi. Hata mwaka ule sikuugusa. Mama Seche anasema unga haupo, mimi nakiona kile kilindo machoni, na ulimi umenata. Najiambia, Matika, wewe ni mzee, unaweza kufa kesho, watakula nini watu wako?

Zuhura alikuwa ameshaingia chumbani kwangu mara nyingi kunichukulia mwiko, kunichukulia kanga. Aliyaona yote. Hakuwahi kusema.

Shangazi Pendo akainuka, akapangusa vumbi, akamshika Sechelela mkono. Zuhura akaja akasimama mbele yangu, kimo chetu sawa, akanitazama machoni kama mjukuu ambaye mama yake nimemzaa mwenyewe, na watu wote wakasikia:

"Bibi, ule mtama wa msiba wako tuule sasa. Siku ukifa tutakuzika na njaa zetu, tumeshazoea."